Mgema Akisifiwa: Ushindi wa Uwanjani na Heshima ya Nyumbani

Mashariki ya mji wa Mbarara, kando ya barabara kuu iendayo Masaka na Kampala, kipo kitongoji kiitwacho Biharwe. Hapo umejengwa mnara wa ukumbusho ambao haumsifu mshindi. Unakumbusha siku ambayo mshindi alikimbia. Wazee wa Ankole husimulia kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliingia nchini na majeshi yake, akaishinda Nkore, akasonga mbele na kuteka ng'ombe wengi. Alipokuwa akirejea kwao kwa shangwe, alifika Biharwe jua likiwaka. Mara jua likapatwa, mchana ukawa usiku. Mfalme ambaye hakutishwa na jeshi lolote alitishwa na kivuli. Akaondoka mbio na kuyaacha mateka yake yote, nao watu wa Nkore wakawapokea ng'ombe wale kama zawadi iliyoshuka mbinguni. Wataalamu wengi wa historia wamelihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520.

Simulizi hiyo ni ya vita, wala si ya michezo. Hata hivyo ina funzo linalowafaa watu wote wanaoshindana. Ng'ombe wale hawakuwa wa Olimi. Aliwabeba kwa muda, akawaacha kwa dakika chache. Kadhalika mchezaji anayetoka uwanjani akishangiliwa hubeba vitu vingi ambavyo kwa kweli si vyake: makofi ya watazamaji, picha gazetini, nguvu za ujana na fadhila za wakubwa. Vyote hivyo ni vya kuazimwa. Unyenyekevu, kwa maana hiyo, si kuinamisha kichwa wala kusema kwa sauti ndogo. Unyenyekevu ni hesabu: kujua kipi ni chako na kipi umeazimwa.

Hesabu hiyo yahitajiwa sana katika sehemu hizo. Si mbali na Biharwe ipo kambi ya jeshi ya Makenke; mjini Mbarara upo uwanja wa Kakyeka; na kusini, wilayani Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako vijana wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia hukutana katika viwanja vya vumbi na kuelewana kwa Kiswahili na kwa mpira. Katika sehemu zote hizo huwapo washindi. Swali ni moja tu: mshindi akirudi nyumbani jioni, anarudi akiwa nani?

ASKARI ALIYEISHINDA DUNIA

Uganda inaye mwalimu mkubwa wa jambo hili, naye alikuwa askari polisi. John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa nchi, katika jamaa ya wake wengi na watoto zaidi ya 40. Akajiunga na Polisi akiwa kijana, na huko ndiko kipawa chake cha riadha kilikokuzwa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alitoka wa nne katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Wa nne hapewi medali. Alirudi mikono mitupu, akaendelea na mazoezi chini ya mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, akikimbia huku amevaa fulana iliyotiwa uzito ili siku ya mashindano mwili uwe mwepesi.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali na ambayo wakimbiaji wengi huinung'unikia. Akashinda kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia, akawaacha nyuma Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa mwaka 1968. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Serikali ya wakati ule, chini ya Idi Amin, ilimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake.

Kisha kikaja kivuli. Mwaka 1976 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Michezo ya Montreal. Akii-Bua hakupata nafasi ya kutetea ubingwa wake, na huko huko Montreal Edwin Moses wa Marekani aliichukua medali pamoja na rekodi. Hapakuwa na kosa la mkimbiaji katika jambo hilo. Mwaka 1979 vita vikafika Kampala. Bingwa yule aliacha nyumba na mali, akavuka mpaka pamoja na jamaa yake kuingia Kenya, akawa mkimbizi miongoni mwa wakimbizi. Baadaye alisaidiwa na kampuni ya viatu vya michezo kwenda Ujerumani, akaishi na kufanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Mwaka 1980 alikimbia tena katika Michezo ya Moscow, lakini hakufika fainali.

Mtu aliyezoea kushangiliwa na dunia nzima angeweza kukaa ugenini akihesabu aliyodhulumiwa. Akii-Bua alirudi Uganda, akarudi katika Polisi, akawafundisha vijana wakimbiaji. Alifariki mwezi Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa. Uganda ilingoja miaka 40 tangu Munich hadi ilipopata dhahabu nyingine ya Olimpiki, pale askari magereza, Stephen Kiprotich, aliposhinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012.

Tazameni hesabu yake. Nyumba ilitolewa ikaondoka. Rekodi iliwekwa ikavunjwa. Nguvu za miguu zilikuja zikapungua. Vilivyobaki ni viwili: kazi aliyoijua na moyo wa kuitumikia. Vitu hivyo viwili havikuwamo katika zawadi alizopewa mwaka 1972. Alikuwa navyo kabla hajashinda, naye alivuka navyo mpaka.

MZUNGUKO WA MWISHO

Askari polisi mwingine wa Uganda amefundisha somo hilo kwa njia tofauti. Tarehe 26 Machi 2017, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, mjini Kampala. Joshua Cheptegei, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliwaongoza wakimbiaji wa dunia nzima mbele ya watu wake mwenyewe, na uwanja ulikuwa umekwisha kuanza kusherehekea. Katika mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Wakimbiaji wakampita mmoja mmoja, mbele ya macho ya wale wale waliokuwa wakimshangilia, na Geoffrey Kamworor wa Kenya akashinda. Cheptegei alimaliza wa 30.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba alimaliza. Wengi wangejitupa kando ya njia, maana kuacha mbio kwa madai ya maumivu huficha aibu kuliko kuonekana wa 30. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, alipata medali ya fedha ya mita 10,000 mjini London. Mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia wa mbio zile zile za nyika zilizomwangusha. Mwaka 2020 akaweka rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000. Akapata dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, na dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024.

Kwa hiyo unyenyekevu una pande mbili. Upande mmoja humzuia mtu asivimbe anaposhinda. Upande wa pili humsaidia asivunjike anaposhindwa. Mwenye majivuno hukosa pande zote mbili. Akishinda hujiona mfalme. Akishindwa hutafuta mchawi, mwamuzi au mwenzake wa kumtwika lawama. Aliyekubali kwamba ushindi ni wa kuazimwa hukubali pia kwamba kushindwa si kwa milele.

NYUMBA NDIYO KIOO

Watu wengi hudhani kwamba majivuno ya mchezaji huanza uwanjani. La hasha. Uwanjani kuna wapinzani, na wapinzani hawamwachi mtu ajisahau kwa muda mrefu. Majivuno hukua pale ambapo hakuna anayempinga mtu, yaani katika baraza za marafiki wapya, na wakati mwingine nyumbani kwake mwenyewe.

Mfano wake waonekana katika laini nyingi za askari. Kijana wa kikosi ameshinda mbio au amefunga bao lililoleta kombe. Wiki ya kwanza majirani wanakuja kumpongeza, na hilo ni jambo jema. Wiki ya pili anaanza kula nje kwa kuwa daima yupo wa kumlipia. Mwezi wa pili hachoti tena maji wala hambebi mtoto, maana eti miguu yake ni mali ya taifa. Mkewe akisema neno, anajibiwa kwamba haelewi michezo. Mwezi wa tatu fedha za zawadi zimekwisha, lakini desturi ya kutumia haijaisha, na mshahara ndio unaoanza kubeba mzigo. Waliokuwa wakimlipia sasa wanamngoja yeye alipe. Ada ya shule inachelewa, na duka la jirani linaandika deni. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mshahara na jamaa ndio mbachao. Zawadi ya kombe ni msala upitao.

Yafaa basi nyumba ya mshindi iwe na desturi chache zilizowekwa mapema, kabla ushindi haujafika.

Kwanza, kazi za nyumbani zisibadilike. Aliyekuwa akikata kuni aendelee kukata; aliyekuwa akiwasikiliza watoto wakisoma jioni aendelee kuwasikiliza. Mazoezi yana saa zake na mapumziko yana saa zake, na mke au mume mwenye busara atazilinda saa hizo kwa mapatano. Lakini kupumzika kwa ajili ya kazi ni mbali na kutumikiwa kwa ajili ya sifa.

Pili, fedha za zawadi zihesabiwe na watu wawili, mezani, siku ile ile zinapofika. Madeni yalipwe. Sehemu iwekwe katika kitu kisichokimbia: kiwanja, ng'ombe, cherehani, ada ya shule. Sehemu itolewe kwa furaha, kwa kuwa nyumba isiyofurahia ushindi nayo ina kasoro. Kinachoharibu si sherehe ya siku moja. Ni sherehe isiyokuwa na mwisho.

Tatu, watoto wafundishwe kusimulia ushindi bila kuwadharau wenzao. Mtoto anayemwambia mwenzake shuleni kwamba baba yake hana maana kwa sababu hakushinda amejifunza neno hilo mahali, na mara nyingi mahali hapo ni nyumbani. Kikombe kikiwekwa kabatini, mtoto aelezwe majina ya wote waliokileta: mlinda mlango, mpika chakula wa kambi, mwalimu, na yule aliyekaa akiba siku nzima asiitwe kucheza.

Nne, awepo mtu mmoja nyumbani anayeruhusiwa kusema ukweli. Huenda akawa mama mzazi, mke, mume, au kaka mkubwa. Mtu huyo hapigi makofi tu. Huuliza: umemtembelea mwalimu wako? Umemsalimu mzee wa jirani? Mbona umefika gwaride umechelewa? Mshindi aliye na mtu wa namna hiyo ni tajiri kuliko mwenye makombe kumi.

Historia ya Afrika Mashariki inazo nyumba zilizojua jambo hili. Kipchoge Keino wa Kenya, askari polisi aliyeshinda mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, alifungua mlango wa nyumba yake, pamoja na mkewe, kwa watoto yatima huko Eldoret, wakalelewa kama watoto wao. Filbert Bayi wa Tanzania, askari wa JWTZ aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alianzisha shule baada ya miaka yake ya mbio. Jina walilopata uwanjani walilitumia kuwaweka watoto wa watu wengine darasani na mezani.

KIKOSI NACHO KINA WAJIBU

Haitakuwa haki kumtwika mshindi peke yake mzigo wote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini lazima aulizwe pia aliyemsifu mgema kupita kiasi. Mara nyingi mkuu wa kikosi, kwa nia njema, humwondoa mchezaji katika orodha ya zamu kabisa, si kwa siku za mazoezi tu bali kwa mwaka mzima. Wenzake hulinda usiku wa mvua badala yake. Mwanzoni hucheka, baadaye hunung'unika, mwishowe humchukia, naye hudhani wanamwonea wivu. Hapo udugu wa kambi umekwisha kuharibiwa, na hakuna kombe linaloweza kuurudisha.

Njia bora ni ile iliyo wazi. Mchezaji apewe muda wa mazoezi kwa maandishi, wenzake wajue sababu, na msimu ukiisha arudi katika zamu kama wengine. Afundishwe kazi yake ya kiaskari barabara, ili siku goti litakapokataa abaki askari kamili na si mgeni ndani ya sare. Akii-Bua, Kiprotich na Cheptegei walivaa sare, na sare ni kazi inayoendelea hata baada ya mbio kwisha.

KIJANA WA NAKIVALE

Mashaka ya kijana wa makazi ya wakimbizi ni ya namna nyingine. Huyu hana mshahara wa kumtegemeza wala kikosi cha kumrudia. Akionekana kuwa na kipawa, jamaa nzima, na pengine mtaa mzima, huweka matumaini yake yote katika miguu miwili. Huambiwa kwamba yeye ndiye atakayewatoa. Maneno hayo husemwa kwa mapenzi, lakini ni mzigo mzito, na mtu aliyebebeshwa mzigo huo hujificha haraka nyuma ya majivuno ili asionekane anaogopa.

Wapo waliotangulia kuonyesha njia. Katika Michezo ya Rio ya mwaka 2016 iliundwa timu ya kwanza ya wakimbizi, yenye wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, nchini Kenya, chini ya uangalizi wa Tegla Loroupe, aliyekuwa yeye mwenyewe mkimbiaji maarufu wa marathoni. Hakuna aliyepata medali mwaka ule. Hata hivyo walisimama mbele ya dunia bila kujidai na bila kujidharau, na watu waliokuwa wamezoea kuwaona wakimbizi katika foleni za chakula waliwaona katika mstari wa kuanzia mbio.

Wazazi wa Nakivale wanaweza kumsaidia kijana wao kwa jambo moja rahisi: wasimwondoe shuleni kwa ajili ya mpira. Cheti na ufundi ni mali isiyopokonywa mpakani. Kijana anayejua kwamba mkono wake unaweza kushona, kujenga au kufundisha hucheza kwa utulivu zaidi, kwa sababu maisha yake yote hayaning'inii katika dakika 90. Utulivu huo ndio shina la unyenyekevu.

UNYENYEKEVU SI UNYONGE

Lazima litajwe jambo moja lisije likaeleweka vibaya. Wapo viongozi wa michezo wanaolitumia neno unyenyekevu kama kufuli ya mdomo. Mchezaji akiuliza posho yake iko wapi, huambiwa amevimba kichwa. Akisema ameumia na anahitaji daktari, huambiwa amesahau alikotoka. Huo si mwito wa unyenyekevu. Ni dhuluma iliyovaa kanzu ya adabu. Kudai haki kwa utaratibu, kwa maneno safi na kwa njia halali, hakupingani na unyenyekevu hata kidogo. Mwenye kujua kipi amekiazima anajua pia kipi ni chake.

Vile vile taifa linalowashangilia washindi wake lina deni. Si adabu kumbeba mtu mabegani siku ya ushindi kisha kumwacha apite barabarani bila salamu anapozeeka. Hali hiyo huwafundisha vijana kwamba sifa ni za kunyakuliwa upesi kabla hazijapoa, na hapo ndipo majivuno hupata mbolea yake. Wazee waliowahi kuliletea taifa heshima wakialikwa katika mashindano ya shule na ya vikosi, wakakaa viti vya mbele na kuulizwa mawaidha, kijana aliye uwanjani atajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba nguvu hupita, na kwamba heshima iliyopatikana kwa haki haipiti.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Mshindi na avume kwa kiasi, asubuhi aamke mapema kama jana, avae viatu vilevile vya mazoezi, amsalimu mlinzi wa lango, na jioni arudi nyumbani akiwa baba, mama au mtoto wa watu. Kombe likae kabatini. Yeye akae na watu wake.